Gari la Wagonjwa Lililopewa Uzee

Nchi yenyewe haitatajwa jina hapa, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa kabla hawajatoa kibali. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye barabara nyingi kwenye ramani na simu nyingi kuliko vyoo. Ilikuwa pia na wizara moja iliyoitwa Wizara ya Barabara, Mawasiliano na Adabu. Waliounganisha mambo hayo matatu walikuwa na sababu zao, na sababu hizo ziko kwenye jalada, na jalada liko salama mahali pasipojulikana.

Katika nchi hiyo aliishi Zakaria Mbonde, dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya cha Lukwale. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye hasira za kawaida. Mdogo wake, Felista, alikuwa mjamzito. Mtoto wa kwanza wa Felista alitolewa kwa upasuaji, na madaktari walisema wa pili naye atatoka kwa njia hiyo hiyo. Uchungu ukianza tu, akimbizwe Tengezo, kwenye hospitali ya mkoa, akichelewa watampoteza yeye na mtoto. Lukwale hakukuwa na chumba cha upasuaji. Kulikuwa na bango linaloonyesha kitakapojengwa.

Mume wa Felista alikuwa mbali, machimboni, kwa hiyo Zakaria alimwahidi mbele ya mama yao kwamba atampeleka yeye mwenyewe. Ilikuwa ahadi rahisi. Barabara ilikuwa mbovu lakini aliijua shimo kwa shimo, na gari lilikuwa jipya kabisa, zawadi ya wahisani, bado linanukia plastiki. Hakujua kwamba upya huo ndio utakaomponza.

*

Mwaka huo Waziri wa wizara hiyo, Mheshimiwa Ponsiano Kilembwe, alirudi kutoka ng'ambo akiwa amepandishwa gari linaloongea. Alisimulia bungeni kwa sauti ya mtu aliyetokewa na malaika. Kule, alisema, magari yanaambiana yenyewe kwamba mbele kuna barafu, yanaambiana punguza mwendo, yanajifungia breki dereva akiwa anakula mkate.

"Na sisi," aliuliza, "tutaendelea kuwashiana taa mpaka lini?"

Hapo alisema kweli, maana madereva wa nchi hiyo walikuwa na mawasiliano yao ya siku zote. Ukiwashiwa taa, ujue trafiki wako mbele. Ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, ujue lori limekufa kwenye kona. Utaratibu huo ulifanya kazi, lakini haukuwa na bajeti, kwa hiyo haukuweza kuitwa mfumo.

Basi ukaletwa mfumo. Kila gari lilifungwa simu janja kwenye dashibodi, na simu hiyo ikaunganishwa na injini kiasi kwamba ukiizima, gari nalo linazimika. Magari yote nchini yangeambiana habari za mashimo, kona, ng'ombe na ajali. Wimbo ulitungwa. Fulana ziligawiwa. Mtaalamu wa kigeni aliyetengeneza mfumo alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake arudi kwao, pale Kamati ya Taifa ya Mila iliposimama na kusema hapana.

Mwenyekiti wa kamati, Bi Asteria Nkolimwa, alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hakuna waziri aliyethubutu kumkatiza, kwa kuwa wengi wao aliwachapa darasa la tatu.

"Gari la juzi linakutana na gari la mtu mzima," alisema, "halafu linaanza tu, kuna shimo? Hata salamu? Watoto wetu wataona nini?"

Ukumbi mzima uliona haya. Mtaalamu akaombwa afungue mizigo. Alipouliza salamu huchukua muda gani, wajumbe walitazamana, wakamjibu kwamba inategemea.

Hivyo ndivyo magari ya nchi hiyo yalivyofundishwa adabu. Gari lililotengenezwa karibuni litaliamkia lililotengenezwa zamani, na litasubiri kuitikiwa. Baada ya hapo yataulizana habari za yanakotoka, na za nyumbani, na za mvua kama ni masika. Ndipo habari ya shimo itolewe. Gari lisiloamkia litazimwa mpaka lijirekebishe. Kamati ikaongeza kifungu kimoja tu, tena kwa sauti ya chini: gari lenye maiti halitasalimu wala kusalimiwa, na magari mengine yote yatakaa pembeni kimya hadi lipite, kwa sababu sisi si wanyama.

*

Wiki ya kwanza magari mengi yaliingia mashimoni yakiwa katikati ya kuulizana habari za nyumbani. Wizara ilitoa taarifa kwamba yaliingia kwa heshima.

Mambo mengine hayakutazamiwa na mtu. Malori ya mkaa, ambayo hakuna aliyejua yalitengenezwa lini, yaligeuka kuwa vigogo wa barabara. Yalipita katikati yakitoa moshi, na magari ya wakurugenzi yakisimama kuyaamkia. Waziri mwenyewe alikuwa na gari jipya kushinda yote mjini. Siku moja, akiwa na wageni wa heshima, lilisimama kwenye kipilefti na kuliamkia gari la takataka. Gari la takataka liliitikia, likauliza na habari za wageni. Kesho yake asubuhi gari la Waziri lilitangazwa kuwa limetengenezwa mwaka wa uhuru. Mwanasheria Mkuu alieleza kwamba umri wa gari la serikali ni suala la sera.

Gari la Zakaria halikuwa na mtu wa kulisemea. Lilikuwa jipya, kwa hiyo lilikuwa mtoto, na mtoto huamkia kila mtu. Liliamkia mabasi, matrekta, hata pikipiki ya mchungaji. King'ora kilikuwa kikilia juu huku chini gari limesimama linasubiri marahaba. Ndani, wagonjwa walianza kujifunza subira ambayo hawakuiomba.

Kilichomkera zaidi kilikuwa njia panda ya Mabatini. Hapo palikuwa na basi bovu, limekaa juu ya mawe tangu enzi za rais aliyetangulia, halina matairi wala injini, na ndani yake kuku walikuwa wakitaga. Wakaguzi walilifunga simu kwa kuwa walipewa lengo la magari ya kufunga. Basi hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko karibu kila kitu barabarani. Gari la wagonjwa likifika hapo liliamkia na kusubiri, na basi halikuitikia, kwa sababu mwenye nalo alikuwa hajaweka bando kwenye simu yake.

Zakaria alikuwa akishuka, anaulizia mwenye basi, anamkuta kijiweni anacheza bao, na anamwomba aweke bando ili basi lake liitikie. Mzee huyo alikuwa mtu mwema na aliona jambo hilo ni la haki kabisa.

"Na wewe usichoke kuliamkia," alimwambia siku moja. "Gari hili lilikuwa na heshima zake."

Mwishowe Zakaria alinunua vocha yeye mwenyewe, kila safari, ili kuku wa watu waamkiwe na waitikie. Jioni moja alirudi nyumbani. Felista, ambaye tumbo lilikuwa limeshuka na miguu imevimba, alimuuliza kama bado ahadi iko palepale. Alimjibu kwamba iko. Ndani ya moyo wake alijua kwamba kwa mwendo ule mdogo wake angejifungulia, au angefia, mbele ya basi la kuku.

*

Akaenda wizarani. Huko alipokewa vizuri sana, maana wizara ya adabu haiwezi kumpokea mtu vibaya. Alikaribishwa kiti, akaulizwa habari za Lukwale, akaulizwa za mvua, akaletewa chai. Kila afisa aliyeingia alianza upya. Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa dirisha alipopata nafasi ya kusema kilichomleta.

Aliwaeleza kwamba gari la wagonjwa halina muda wa salamu, na kwamba mdogo wake atakufa. Akawaomba kitu kimoja: liondolewe kwenye mfumo.

Maafisa walimsikiliza kwa huruma ya kweli. Mmoja alifuta machozi. Kisha wakamweleza kwamba kuliondoa kwenye mfumo haiwezekani, ingekuwa ni kulifanya halina adabu, na wahisani waliolitoa wangejisikiaje. Lakini tatizo wameliona. Tatizo ni kwamba gari lake linawaamkia watu wengi mno. Kumbe dawa ni rahisi: lisimwamkie mtu.

"Tutalipandisha," alisema mkurugenzi. "Litakuwa mkubwa kuliko yote nchini. Waamkie wao."

Zakaria hakuelewa vizuri, lakini neno la kupandishwa lilimpa matumaini, kama linavyowapa wengi. Aliondoka akishukuru. Hilo ndilo jambo aliloendelea kulijutia: kwamba alishukuru.

Sherehe ilifanyika uwanja wa Lukwale. Gari la wagonjwa lilivishwa mgolole na kuwekewa mkongojo juu ya boneti. Mheshimiwa Kilembwe alihutubia mpaka watoto wa shule wakaanza kuanguka kwa jua, na kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa mgeni rasmi, hawakuweza kupakiwa humo.

"Leo," alisema Waziri, "tumefuta dhuluma ya kihistoria. Gari hili ni Babu wa Barabara. Kwa mujibu wa sheria, limetengenezwa kabla ya barabara yenyewe. Atakayelipita bila kuliamkia, amenipita mimi."

Watu walipiga makofi. Felista alikuwa amekaa kwenye gogo, mkono mmoja juu ya tumbo. Alimuuliza kaka yake polepole, magari yote yakiliamkia, nani ataitikia.

Zakaria akaacha kupiga makofi.

*

Uchungu ulimjia Felista asubuhi, akipepeta mchele. Mama yao, Bi Anzuruni, alimfungia kanga na kumsindikiza hadi garini. Alitaka kwenda naye, lakini mtoto mkubwa wa Felista alikuwa na homa na hakuna wa kumwachia. Muuguzi wa kituo alimpima, akasema neno moja tu, wahini. Naye hakuweza kuwasindikiza, alikuwa peke yake zamu nzima. Zakaria aliwasha king'ora.

Lori la kwanza walilokutana nalo liliwaamkia. Simu kwenye dashibodi ikasema kwa sauti nzito ya kizee, ambayo wizara ilimlipa mwigizaji wa redio airekodi: "Marahaba, mjukuu wangu. Mnatoka wapi?" Gari likasimama palepale. Mfumo ulijua kwamba mkubwa haitikii huku anakimbia.

Nyuma ya lori kulikuwa na basi. Nyuma ya basi kulikuwa na magari ya harusi, na trekta, na magari ya watu waendao mnadani, maana ilikuwa siku ya mnada. Kila moja lilisogea kwa nidhamu, likaamkia, likaulizwa hali ya nyumbani, likaeleza hali ya nyumbani. Walikuwa njia panda ya Mabatini, na lile basi la kuku, kwa bahati mbaya, siku hiyo lilikuwa na bando, nalo likaamkia.

Dereva wa lori la mahindi, mwanamama mnene aliyefunga kilemba, aliteremka akaja dirishani. Aliona yaliyokuwa nyuma, akashika kichwa.

"Nisamehe, kaka. Si mimi, ni gari. Nimejaribu kulizuia lisikuamkie, linasema sina adabu."

Zakaria alimwambia anajua. Alipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukauma. Aliizima simu, na injini ikazimika. Aliiwasha tena, na ikaanza salamu upya kutoka mwanzo, kwa sababu si vizuri kukatiza. Felista alikuwa ameuma upindo wa kanga. Shuka la machela lilikuwa limeanza kuingia damu. Alikuwa ameacha kulalamika, na hilo lilimtisha Zakaria kuliko kelele zote.

Ndipo ukaja msiba. Gari dogo la mizigo lilitokea nyuma, limefungwa tawi bichi mbele, jeneza likiwa nyuma pamoja na wanaume waliokaa kimya. Mfumo ulinyamaza. Marahaba ikakatikia katikati. Malori, basi, harusi, trekta, yote yalijisogeza pembeni kama yaliyovutwa kwa kamba, na barabara nzima ikafunguka hadi kilimani. Gari la msiba likapita kwa kasi ambayo Zakaria hakuwahi kuiona tangu mfumo uanze, likapotea.

Kisha magari yote yakarudi kumwamkia.

Zakaria aliitazama simu. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na alama ndogo nyeusi imeandikwa Msiba. Alikuwa ameiona kila siku, na kila siku aliombea asiiguse. Akageuka.

"Felista," alisema. "Wanaowahi ni maiti tu."

Felista alifungua macho. Alimtazama kaka yake, akaitazama simu, akaelewa, kwa sababu naye alikuwa raia wa nchi hiyo.

"Basi niue, kaka," alisema. "Niue tufike."

Simu iliuliza jina la marehemu, akaandika jina la mdogo wake. Iliuliza uhusiano. Iliuliza chanzo cha kifo, na kulikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua: Mapenzi ya Mungu, au Ajali Isiyohusiana na Mfumo. Alichagua Mungu. Simu ikauliza kama ana uhakika, na Zakaria Mbonde, huku akimsikia mdogo wake akipumua nyuma yake, akabonyeza ndiyo. Alilia wazi wazi bila kujificha. Yule mama wa lori la mahindi alikwisha kuvunja tawi la mkorosho na alikuwa akilifunga kwenye boneti, juu ya mkongojo.

Barabara ikafunguka. Zakaria alikanyaga mafuta. Pembeni, watu waliteremka kwenye magari yao, wakavua kofia, wakainamisha vichwa.

*

Kwenye lango la hospitali ya Tengezo mlinzi alikuwa na simu yake ya mfumo. Aliitazama, akavua kofia, akampa Zakaria pole, akamwelekeza mochwari, nyuma, mkono wa kushoto.

Zakaria alisema kwamba Felista yu hai. Mlinzi alijibu kwa upole kwamba wafiwa wengi husema hivyo. Felista alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani. Mlinzi aliitazama tena simu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na lango la wagonjwa halikufunguka, kwa kuwa nalo lilikuwa kwenye mfumo.

Walikwenda mochwari. Mhudumu wa hapo, mwanamume wa makamo aliyeitwa Lubango, alikuwa mlangoni anakula muhogo. Aliona machela, akamwona aliye juu yake akikunja ngumi, akaweka muhogo chini.

"Huku hakuna mfumo," alisema. "Watu wangu hawana simu." Akamsukuma Felista mbio katikati ya waliolala, akafungua mlango wa ndani kwa teke, na mlango huo ulitokea kwenye ukumbi wa vyumba vya upasuaji.

Mtoto alikuwa wa kike, na alilia vizuri. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wasingepona, wote wawili. Zakaria aliketi sakafuni ukumbini, akampigia mama yake ampe habari njema.

Simu ilipokewa katikati ya vilio. Kumbe mfumo, baada ya kubonyezwa, ulikuwa umewatumia ndugu wote salamu za rambirambi. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Majirani walikuwa wanapika. Huko machimboni, mume wa Felista alikuwa amepanda basi la kuja kuzika. Zakaria alimwambia mama yake mara nyingi kwamba Felista ni mzima, kwamba amejifungua, kwamba amemwona kwa macho yake.

Bi Anzuruni alimsikiliza hadi mwisho.

"Ujumbe una nembo ya serikali, mwanangu," alisema. "Wewe una nini?"

Hakuamini mpaka Felista aliporudi Lukwale na kusimama mbele yake. Hata hapo alimgusa uso kwanza, na mikono, na kitovu cha mtoto, na akaendelea kulia kilio kilekile alichokuwa amekianza, kwa kuwa hakikuwa kimeisha. Serikalini, Felista aliendelea kuwa marehemu. Wizara ilimpokea vizuri sana, ikampa pole kwa kifo chake, na kumweleza kwamba kitufe cha kufufua kiko kwenye awamu ya pili.

*

Habari husafiri, hata pasipo mfumo. Madereva wa magari ya wagonjwa wa nchi nzima walijifunza kubonyeza alama nyeusi. Matawi ya mikorosho yakaanza kuadimika kando ya barabara.

Siku ya kuadhimisha mwaka wa mfumo, redio ilirusha hotuba ya Mheshimiwa Kilembwe kutoka ikulu. Zakaria aliisikiliza akiwa garini, nje ya kituo cha afya, wakati mgonjwa anapakiwa. Waziri alisema takwimu hazidanganyi. Tangu magari yafunzwe adabu, alisema, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefia njiani kuelekea hospitali. Wote, kwa mujibu wa kumbukumbu, walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kuondoka. Makofi yalisikika kwa muda mrefu.

Zakaria alizima redio. Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja mkulima, kifua kinamkoroma, na alikuja peke yake. Zakaria alimgeukia na kumuuliza jina kamili. Mzee aliuliza kama ni kwa ajili ya ile alama. Zakaria alisema ndiyo.

"Ngoja kidogo," alisema mzee, akapapasa mfukoni, akatoa simu ndogo ya vitufe, akapiga. Ilichukua muda kupokewa.

"Mama Kulwa," alisema. "Sasa hivi utaletewa ujumbe kwamba nimekufa. Usilie mpaka nikupigie."

Akairudisha simu mfukoni, akajilaza vizuri, akamwambia Zakaria kwamba yuko tayari.